Bomba la Klachi Lililopasuka

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Moshi kwenda Marangu hupanda sana, hata kama mwenyewe hatambui. Mji wa Moshi uko kati ya mita 700 na 950 juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu, waanziapo safari wengi wapandao Kibo, liko juu ya mita 1,800. Kimo hicho cha mita 1,000 hivi hupandwa katika mwendo usiofika kilometa 50, tena sehemu kubwa ya kupanda huanza baada ya kupita Himo. Kwa hiyo dereva wa njia hiyo hubadili gia mara nyingi kuliko mwenziwe wa nchi tambarare, na kila abadilipo gia mguu wake wa kushoto hukanyaga klachi.

Siku moja ya masika gari dogo la mizigo lilikuwa likishuka kutoka Mwika. Lilijaa mikungu ya ndizi, na kando ya ndizi walikaa watu tisa waendao Himo na Moshi, na miongoni mwao mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa. Walipokwisha kupita Marangu Mtoni, dereva akaona mteremko mbele yake umelowa, akakanyaga klachi ili aingize gia ya pili. Pedeli ikazama mpaka chini kama mguu uzamavyo katika tope, wala haikurudi juu.

Kwa bahati njema alikuwa bado hajautoa mkono wa gia katika tatu, naye akauacha palepale. Lau angaliutoa, asingaliweza kuurudisha upesi, na gari lingaliteremka huru, halina cha kulizuia ila breki tu. Maadam gia imeshika, injini nayo husaidia kulizuia gari mtelemkoni. Basi dereva alikanyaga breki polepole, akalisogeza gari kando mahali palipokuwa sawasawa kidogo, akaelekeza magurudumu kwenye ukingo wa udongo. Gari lilipokaribia kusimama likatikisika, injini ikazimika yenyewe. Utingo alikuwa ameisha kuruka chini na jiwe mkononi, akaliweka mbele ya gurudumu.

Klachi ni kitu gani, hata kuharibika kwake kumtie hofu dereva hodari? Injini ikiisha kuwashwa huzunguka daima, bali magurudumu ya gari hayatakiwi kuzunguka daima. Hapana budi katikati yao kuwe na kitu kiwezacho kuunganisha na kutenganisha. Nyuma ya injini liko gurudumu zito la chuma. Karibu nalo iko sahani iliyovikwa kitambaa kigumu chenye kukwaruza, na sahani hiyo ndiyo izungushayo gia. Springi zenye nguvu huikandamiza sahani juu ya gurudumu zito, na viwili hivyo huzunguka kama kitu kimoja. Mwanafunzi akibana viganja vyake viwili kwa nguvu na kukigeuza kimoja, cha pili hufuata; akivilegeza, kimoja huzunguka na cha pili hukaa. Kukanyaga pedeli ya klachi ni kulegeza viganja. Hapo meno ya gia hubadilishana mahali bila kugombana, na gari laweza kusimama na injini ingali ikiunguruma.

Nguvu ya mguu yafikaje huko chini ya gari? Katika magari mengine hupelekwa kwa waya mnene au kwa vyuma vilivyounganishwa. Lakini magari mengi hutumia mafuta yaliyofungiwa ndani ya bomba, na jambo hili lastahili kuelezwa vizuri.

Kila mtoto wa Kilimanjaro ajua mfereji. Johannes Rebmann alipofika katika nchi ya Wachagga mwaka 1848, mifereji ilikuwapo zamani, imechimbwa kutoka vijito vya msituni ikazungushwa kando ya milima mpaka katika vihamba. Maji ya mfereji hutii sheria moja tu: hufuata mteremko. Mchimbaji akikosea kipimo kidogo, maji husimama, na hapana mtu awezaye kuyabembeleza. Lakini maji yakifungiwa katika bomba lisilo na ufa, tena lisilo na nafasi tupu ndani yake, hupata tabia nyingine. Ukiyasukuma upande huu, husukuma upande wa pili papo hapo, kama ni juu au chini, na hata bomba likipindwa mara kumi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kutoka 1623 mpaka 1662, ndiye aliyeieleza sheria hii vizuri: msukumo utiwao katika maji yaliyofungwa huenea pande zote bila kupungua. Mwaka 1795 fundi mmoja wa Uingereza, Joseph Bramah, alipewa hati ya haki kwa mashine yake ya kukandamiza vitu iliyofuata sheria hiyohiyo.

Klachi ya mafuta ni mtoto wa mashine ile. Pedeli husukuma pistoni ndogo ndani ya silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta silinda. Kutoka hapo bomba jembamba la chuma hushuka kando ya injini, na mwishoni huunganishwa na bomba la mpira, kwa sababu injini hutikisika na chuma kitupu kingevunjika. Bomba la mpira huingia katika silinda ya chini, na pistoni ya silinda hiyo husukuma uma uondoao nguvu ya springi.

Hesabu yake si ngumu. Chukua mfano wa mguu usukumao kwa nguvu ya kilo 10. Pedeli ni mtaimbo, nayo yaweza kuizidisha nguvu hiyo mara tano, zikawa kilo 50. Ikiwa uso wa pistoni ya juu una sentimita mraba 2, basi kila sentimita mraba hubeba kilo 25. Hewa ya tairi la gari dogo husukuma kwa kilo 2 tu au zaidi kidogo katika sentimita mraba moja. Kwa hiyo bomba hili, lisilozidi unene wa penseli, hustahimili msukumo wa zaidi ya mara kumi ya ule wa tairi. Ikiwa pistoni ya chini ina sentimita mraba 3, itasukuma kwa kilo 75. Lakini faida hii hulipiwa: pistoni ya juu ikienda sentimita 3, ya chini huenda sentimita 2 tu. Na mafuta yote yanayosogea katika kazi hiyo hayazidi sentimita sita za ujazo, yaani kijiko cha chai na kidogo zaidi. Kijiko hicho kikipata njia ya kutokea, klachi imekwisha.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Utingo aliingia kichwa chini ya gari, dereva akakanyaga pedeli, na kijana akaona mafuta yakiruka kama uzi kutoka bomba la chuma, mahali lipitapo juu ya ukingo wa chasisi. Kibanio kilichopaswa kulishika bomba kilikuwa kimeanguka siku nyingi. Tangu hapo bomba lilikuwa likisugua ukingo ule kila gari litikisikapo, na tope la masika likapashika mahali hapo unyevu, kutu ikamaliza kazi iliyoanzwa na msuguano. Wala si kwamba gari halikutoa habari. Kwa muda wa wiki mbili dereva alikuwa akiongeza mafuta katika chombo kila baada ya siku chache, naye hakuuliza yanakwenda wapi.

Abiria walitoa mashauri mengi. Mzee mmoja alisema, "Bwana, funga mpira pale palipotoboka, ujaze maji ya sabuni, tutafika Himo." Mama mmoja, kwa moyo mwema, alitoa chupa ya mafuta ya alizeti katika kikapu chake. Dereva aliwashukuru wote wawili akakataa. Katika gari lile chombo cha mafuta ya klachi na cha breki kilikuwa kimoja, kama ilivyo katika magari mengi. Waundaji wa magari ya namna hiyo aghalabu huweka tundu la klachi juu kuliko tundu la breki, ili klachi ikivuja breki zisikose mafuta yote. Hata hivyo, atiaye kitu kibaya katika chombo kile akitia katika breki pia, na kutoka pale mpaka Himo njia yote ilikuwa ni kushuka. Basi dereva alirudisha nauli. Gari jingine lilipopita alilisimamisha kwa mkono, na mama mwenye mtoto mgonjwa akawa wa kwanza kupandishwa. Wengine walinung'unika, kwa maana siku ya soko haingoji mtu.

Ubaya wa maji ya sabuni na mafuta ya alizeti ni nini? Mafuta ya breki, ambayo ndiyo yatumiwayo katika klachi, huitwa mafuta kwa mazoea tu. Hayafanani na mafuta ya kupikia wala na oili ya injini. Mpira uzibao pistoni ulichaguliwa upatane nayo. Ukipata mafuta mengine huvimba, ukawa laini, ukakwama ndani ya silinda. Maji nayo yana ubaya wake. Hutia kutu ndani ya silinda, tena huchemka upesi. Katika mji wa Moshi maji huchemka kwa digrii 97 hivi, na juu ya Kibo, kwenye mita 5,895, kwa digrii 80 hivi tu, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Breki za gari lishukalo mlima hupata moto kuliko huo. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke haushiki chochote. Dereva hukanyaga breki akakuta utupu. Mafuta ya breki ya namna iitwayo DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205, na ya DOT 4 kabla ya 230. Lakini yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. DOT 3 yakiisha kunywa maji kadiri ya sehemu tatu au nne katika mia, kipimo chake chaweza kushuka hata digrii 140. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu hatumii chupa iliyokaa wazi dukani, bali hufungua mpya, naye husoma kwanza kifuniko cha chombo cha gari, ambako imeandikwa namna itakiwayo.

Utingo alitaka kulifungua bomba ili alipeleke Moshi liwe kielelezo. Alikuwa na spana moja ya mdomo wazi na koleo. Dereva akamzuia, akapiga simu mjini. Nati za mabomba haya ni laini, na zilizokaa miaka katika tope hushikwa na kutu. Koleo huzimung'unya pembe zake zikawa mviringo, na baada ya hapo hata fundi hodari huhangaika nazo.

Fundi alifika adhuhuri kwa pikipiki, na mkoba mgongoni. Jambo la kwanza hakugusa bomba. Aliongeza mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akainua mbele kwa jeki, akaweka stendi mbili za chuma chini ya chasisi, kisha akalisukuma gari kwa bega aone kama limetulia. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kulalia chini yake. Tena alingoja mpaka bomba la moshi lilipopoa, kwa sababu mafuta ya breki yakidondoka juu ya chuma cha moto huweza kuwaka.

Ndipo akasafisha. Kwa brashi na kitambaa aliondoa tope lote kuzunguka chombo cha mafuta na kila kiungo alichokusudia kukifungua. Mtu asiyejua angedhani anapoteza wakati, lakini chembe moja ya mchanga ikiingia katika silinda huukwaruza mpira kila pedeli ikanyagwapo, na baada ya mwezi silinda huanza kuvuja. Alizipaka nati dawa ya kulegeza kutu akaziacha kwa muda. Spana yake ilikuwa ya mviringo iliyokatwa ufa mmoja, ufa wa kupitishia bomba, ili ishike nati karibu pande zote. Chini, kiungo cha chuma na mpira kilipo, alitumia spana mbili: moja ikishikilia mpira usigeuke, ya pili ikizungusha nati. Asipofanya hivyo mpira husokotwa na chuma hupindika. Bomba lilipotoka, aliziba matundu yaliyobaki kwa vizibo, mafuta yasitoke na vumbi lisiingie.

Utingo akauliza kwa nini kipande kile kilichotoboka kisikatwe, pakavishwa mpira na kufungwa kwa waya. Fundi alimjibu kwa kumwonyesha hesabu ya kilo 25 juu ya udongo kwa kijiti. Mpira wa petroli haukuumbwa kwa msukumo huo, na waya haushiki. Hata shaba tupu, ingawa hupindika kwa urahisi, haifai: kwa mtikiso wa siku nyingi huwa ngumu na kupata ufa. Bomba jipya lilikuwa la shaba iliyochanganywa na nikeli, lisiloshika kutu.

Fundi aliulaza uzi juu ya bomba la zamani, akaufuatisha kila kona, kisha akaunyosha na kukata bomba jipya kwa urefu huo pamoja na nyongeza kidogo ya kufanyia ncha. Kila ncha hutanuliwa kwa chombo chake mpaka ipate mdomo, na mdomo huo ndio ubanwao na nati mafuta yasipite. Mdomo mpya lazima ufanane kabisa na wa zamani, kwa kuwa iko ya namna mbili au tatu, na ya namna moja haizibi mahali pa nyingine. Alipokwisha kutengeneza ncha ya kwanza, utingo aliomba ajaribu ya pili. Akaikaza vizuri, akaitanua vizuri, mdomo ukatoka mzuri mno. Kisha akaiona nati ya pili ingali juu ya mkoba. Nati haiwezi kupita juu ya mdomo. Fundi alicheka, akakata ncha ile na kumpa chombo arudie, na kwa bahati nyongeza ya urefu ilitosha. Hakuna fundi wa mabomba ambaye jambo hili halijampata japo mara moja.

Bomba lilipindwa polepole kufuata umbo la zamani. Nati zilianzishwa kwa vidole, mizunguko miwili mitatu, kwa maana ishikayo kombo husikika mapema kwa kidole, lakini spana huilazimisha mpaka ikaharibu uzi wa silinda. Mwisho fundi alitafuta tundu la kile kibanio kilichoanguka, akaweka kipya chenye mpira ndani yake, na bomba likakaa mbali na ukingo wa chasisi upana wa kidole.

Kazi ilionekana imekwisha. Chombo kilijazwa mafuta, dereva akakanyaga pedeli, ikazama kama asubuhi. Abiria wawili waliobaki wakaangaliana. Hapakuwa na ajabu: bomba jipya lilikuwa limejaa hewa. Mwanafunzi akitaka kuona tofauti yake, achukue bomba la sindano lisilo na sindano, alijaze maji mpaka hewa yote itoke, azibe tundu kwa kidole na kusukuma. Maji hayakubali kubanwa. Kisha alijaze hewa afanye vilevile, aone jinsi linavyosukumika kama linakanyaga godoro. Ikiwa katika klachi imebaki hewa kadiri ya nusu ya kijiko kile cha chai, karibu nusu ya mwendo wa mguu hupotea katika kuibana tu. Sahani haiachani vema na gurudumu, na gia hulia.

Basi hewa hutolewa hivi. Kwenye silinda ya chini mna chuchu ndogo yenye tundu. Fundi aliivika mrija unaoonekana ndani, na ncha ya pili ya mrija akaizamisha katika chupa yenye mafuta safi kidogo, ili mrija usivute hewa kurudi. Dereva alikanyaga pedeli taratibu akaishikilia chini, akasema, "Tayari." Fundi akafungua chuchu robo mzunguko, mafuta na mapovu yakatoka, akaifunga, akasema, "Achia." Utaratibu huu haukubali haraka: pedeli ikiachiwa kabla ya chuchu kufungwa, hewa iliyotolewa hurudi yote. Kazi ya utingo ilikuwa kutazama chombo cha juu kisipungue sana, maana kikikauka silinda humeza hewa mpya na kazi huanza upya, na hapo breki nazo zingetaka kutolewa hewa. Mara ya kwanza yalitoka mapovu makubwa, kisha madogo kama shanga, na baada ya mara kumi na nne mrija ukapita mafuta matupu. Pedeli ilikuwa imesimama imara chini ya mguu.

Fundi hakuridhika na hilo. Aliosha kwa maji mahali mafuta yalipodondokea, kwa kuwa hubabua rangi ya gari, akanawa mikono. Akalishusha gari, akawasha injini, akakanyaga klachi na kuingiza gia ya kurudi nyuma, kwa sababu hiyo ndiyo iliayo kwanza klachi isipoachia vema. Iliingia kimya. Akazikanyaga na breki mara nyingi, akazikuta ngumu, chombo kikajazwa mpaka alama ya juu. Wakaliendesha kupanda kuelekea Marangu Mtoni, wakasimama katikati ya mlima, wakaondoka tena, wakarudi, na utingo akapitisha karatasi kavu juu ya kila kiungo. Haikulowa.

Mafuta machafu yalibaki katika chupa. Kandokando ya njia ulipita mfereji uendao katika vihamba vya chini, na kijana alikuwa ameinua mkono ayamwage humo. Fundi akaichukua chupa, akaifunga kifuniko na kuitia mkobani, kwa maana mafuta yale ni sumu, na maji yale watu huyanywesha mifugo na wengine huyachota.

Jua lilikuwa limekwisha shuka nyuma ya miti walipofika Himo, ndizi zimechelewa soko. Usiku dereva alitandika gazeti chini ya gari, mahali pa silinda ya chini, na alfajiri kabla ya kuwasha injini akainama na taa kulitazama. Lilikuwa kavu.